Deni Langu, Usukani Wangu, Gari Achague Mume?

*Barua ya safari hii imetoka Dodoma. Majina na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.*

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, ni mama wa watoto watatu, naishi Ilazo hapa Dodoma. Kazi yangu ni mfamasia. Mume wangu ni mtumishi wa wizara mojawapo kule Mji wa Serikali, Mtumba. Tulikuwa Dar es Salaam, na serikali ilipohamia huku, kwake ulikuwa uhamisho, kwangu ilikuwa kurudi nyumbani. Tunaishi na mama mkwe, ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Jumla tuko sita.

Gari letu ni IST ya mwaka 2004, namba C, viti vitano. Jumapili tukienda kanisani mtoto mdogo anapakatwa, na tukikaribia trafiki mume wangu anasema, "Mwinamishe kichwa." Kwa hiyo kwamba tunahitaji gari jingine hatubishani. Tunabishana gari gani.

Shangazi, mimi nimekulia gereji. Baba yangu alikuwa na gereji yake Kizota. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa najua kupanga spana kwa namba, na likizo nilikuwa nalala chini ya gari nimemshikia tochi wakati anashusha giaboksi. Hadi leo nikiwa kaunta nasikia gari linapita nje na najua ni Mark II au ni Crown, na kama plagi moja haichomi. Wenzangu kazini wananicheka. Nimeendesha IST miaka yote hii kwa sababu ndiyo tuliyoimudu, na nimeitunza, haijawahi kulala njiani. Lakini sijawahi kuipenda.

Sasa kuna mtu Area D anauza Subaru Forester, SG5 ya 2005, turbo, gia za mkono. Imetunzwa, Shangazi. Nimeiona, nimeikagua, nimeiendesha mpaka Ihumwa na kurudi. Anataka milioni 13 na nusu. Mume wangu yeye amepata Noah ya 2005 kwa dalali wa Sabasaba, milioni 15, na ameshaipiga picha kila upande, hadi kwenye buti.

Hoja zake ni kwamba tuko wengi, kwamba tuna shamba la zabibu Hombolo, ekari moja na nusu, na kreti za mavuno haziwezi kukaa kwenye gari dogo, na kwamba Noah tutaikodisha Jumamosi ijilipe yenyewe. Hoja zangu ni kwamba ile njia ya kuingia shambani ukishaacha barabara kubwa ni mchanga mtupu na kuna korongo, masika Noah itakwama hapo tukiiangalia. Forester inavuta miguu yote minne. Pia ni gari imara, na kiti cha mbele kiko usawa mzuri kwa mama, hainami wala harukii. Isitoshe, mume wangu anakwenda kazini na basi la watumishi. Anayepeleka watoto shule, anayempeleka mama kliniki, anayekwenda sokoni na shambani ni mimi.

Na hela ni yangu pia. Mkopo ni milioni 12 kutoka SACCOS ya kazini kwangu, kwa jina langu, nitakatwa mshahara miaka mitatu. Tukiuza IST tutapata kama milioni 6 na nusu. Fomu iko kwenye droo, sijasaini.

Nilikwenda kwa baba nikijua nimepata wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nunua Noah, mwanangu. Hiyo Subaru utakuwa unaniletea mimi." Mama mkwe naye alipoulizwa alisema hata tukimpakia kwenye kirikuu atashukuru, ila mlango usimtese.

Kilichoniumiza ni hiki. Juzi mezani, watoto wakiwepo, mume wangu alisema, "Mama yenu anataka gari la wahuni." Watoto wakacheka. Mimi nikainuka. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya ada na umeme tu. Dalali amesema mwisho wa mwezi anampa mtu mwingine.

Nikifikiria kukaa nyuma ya usukani wa Noah najiona nimekuwa konda wa familia yangu mwenyewe. Je, Shangazi, mimi ni mbinafsi? Nikubali Noah yaishe, au nisimame na langu, maana deni ni langu na usukani ni wangu?

*Mwana wa Gereji, Ilazo*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nisalimie mama mkwe, mwambie amenifurahisha. Baba yako pia amenifurahisha, ingawa najua wewe hukucheka.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja: mahali ulipotaja viti vya Forester. Umenieleza mwaka wake, gia zake, miguu yake minne, hata usawa wa kiti cha mbele kwa magoti ya mama. Viti hukutaja. Vipo vitano, kama vya IST. Kwa hiyo mkiinunua na kuuza IST, Jumapili mtoto atapakatwa vilevile na kichwa kitainamishwa vilevile. Wewe ni mtu makini, unasikia plagi moja isiyochoma ukiwa ndani ya duka, kwa hiyo sidhani kama ulisahau. Nadhani ulijua kwamba ukilitaja hilo kesi yako inayumba, na pengine hujawahi kulitaja hata kwa mume wako, na yeye anajua hujalitaja.

Sisemi hivi kukushinda. Yeye naye ana tundu lake, na ni kubwa kuliko lako. Anasema Noah itakodishwa Jumamosi ijilipe. Itaendeshwa na nani? Kwa barua yako, yeye mwenyewe si mtu wa usukani. Utaikabidhi kwa kijana gani, na jioni ikirudi na bampa limeinama utamdai nani? Gari la namba ya njano ni la mtu binafsi. Kubeba abiria kwa malipo kunataka leseni ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, na bima ya biashara, na likipata ajali likiwa kwenye kazi ambayo bima haikuiandikia, mtakaa na deni la SACCOS bila gari. Mbona hoja hiyo ilipita bila kuulizwa? Labda kwa sababu na wewe ulikuwa na yako ambayo hukutaka iulizwe.

Ninachokiona hapo ni watu wawili wenye akili, kila mmoja ana anachokitaka, na kila mmoja amekivika nguo za manufaa ya nyumba. Wewe unaitaka ile Subaru kwa sababu unaipenda. Shamba na korongo ni kweli vipo, lakini hata kama Hombolo pangekuwa na lami mpaka mlangoni ungeitaka tu. Naye anaitaka Noah kwa sababu gani hasa? Hapo sijui, na nadhani hata wewe hujui. Inaweza kuwa ni watu sita na kreti, basi. Inaweza kuwa anaogopa mwendo: umeendesha gari lenye turbo mpaka Ihumwa na kurudi, umerudi macho yanang'aa, naye akafikiria watoto wake watatu kwenye kiti cha nyuma. Mwanamume akiogopa mara nyingi hasemi "naogopa", anasema "wahuni". Inaweza pia kuwa anaogopa watu wa wizarani watamcheka, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mimi nisingeendelea kubishana juu ya kreti kabla sijajua ni lipi kati ya hayo.

Umeniuliza kama wewe ni mbinafsi. Mtu anayesoma barua za SACCOS na kumpeleka mama mkwe kliniki halafu akatamani kitu kimoja cha kwake, simwiti hivyo. Lakini hilo la "deni langu, usukani wangu" nataka tulishike kidogo, maana lina makali pande zote mbili. Mkopo uko kwa jina lako, sawa. Ada analipa nani? Kiwanja na ujenzi, kama upo, viko kwa hela ya nani? Kama mshahara wako ukikatwa miaka mitatu ni yeye atakayejaza pengo la sokoni, basi deni lina jina moja lakini linalipwa na watu wawili. Kama kwenu kila mtu ana lake na hakuna anayejaza la mwenzake, hapo hoja yako ina uzito zaidi. Wewe ndiye unayejua mfuko wenu unavyokwenda. Ila ukishasema "aliyekopa ndiye anayechagua", ujue siku moja itasemwa na yeye pia, juu ya jambo kubwa kuliko gari.

La usukani nalikubali kwa urahisi zaidi. Anayeendesha kila siku anastahili sauti kubwa. Tena kuna usalama ndani yake: dereva anayelipenda gari analisikiliza na kuona tairi imekula upande kabla haijapasuka.

Sasa magari yenyewe. Mimi si fundi, kwa hiyo nilimsomea fundi wangu sehemu zile za barua yako zinazohusu injini tu. Mengi utakuwa unayajua. Nayaandika kwa ajili ya wasomaji wengine, na kwa ajili ya mume wako kama atalisoma gazeti hili ndani ya basi.

Noah za umbo lile la mwaka 2001 hadi 2007 zinatumia injini ya 1AZ-FSE, ambayo mafundi wanaiita D4. Inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikitunzwa inakwenda vizuri. Ikinyweshwa petroli chafu, pampu ya presha kubwa na nozeli zinaanza kulalamika, njia za hewa zinajaa masizi, na gari likisimama kwenye taa linatetemeka. Kwa hiyo wanaosema "Noah haisumbui" wazungumze taratibu; toleo lililofuata, la kuanzia 2007, liliachana na injini hiyo, lakini bei yake pia inapanda. Sifa ya Noah ambayo hakuna anayeweza kuipinga ni mlango. Unateleza, sakafu iko chini, mama mwenye magoti mabovu anaingia kwa hatua moja. Uliandika kwamba kiti cha mbele cha Forester kinamfaa. Inawezekana, lakini mmemkalisha akajaribu? Yeye mwenyewe kwenye yale magari yote mawili alitaja kitu kimoja tu, nacho ni mlango.

Forester yako ina injini ya EJ20, silinda zimelala zikitazamana, na turbo juu yake. Kwa mchanga wa shambani, ukweli uko upande wako: tumbo lake liko juu kuliko la Noah na inavuta kote muda wote. Lakini mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita kama 100,000, na ukikatika injini inaharibika vibaya. Turbo haisamehe oili iliyopita muda. Kwao Japani injini hiyo ilitengenezewa petroli ya premium. Na tairi zote nne zinatakiwa zilingane, kwa hiyo ikipasuka moja, ile tabia yetu ya kutafuta moja kuukuu kuziba pengo inaumiza difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Nadhani hiki ndicho baba yako alichokiona aliposema utamletea yeye. Sidhani kama alikuwa anasema hustahili.

Mafuta nayo tuyatazame. Bei kikomo ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kwa urahisi tuchukue Sh 3,000 kwa lita, na tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Noah ikikupa kilomita 9 kwa lita, ni kama Sh 333,000. Forester ya turbo kwa mjini ikikupa 7, ni kama Sh 429,000. Tofauti ni karibu Sh 95,000 kwa mwezi, milioni moja na ushee kwa mwaka. Kwa nyumba yenye makato ya SACCOS hiyo ni hela inayoonekana. Haivunji nyumba, lakini lazima ijulikane inatoka wapi, na isitoke kwenye ada. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: mavuno ya zabibu ni mara mbili kwa mwaka. Kununua gari la milioni 15 kwa ajili ya kreti zinazosafiri misimu miwili, wakati kirikuu cha kukodi kipo, ni hoja ambayo mume wako naye anapaswa kuikokotoa kwa kalamu.

Kuna njia ambazo hamjazitaja, na kila moja ina kasoro zake.

Ya kwanza ni kutouza IST. Mkopo wa milioni 12 haufiki milioni 13 na nusu, kwa hiyo mtasubiri mavuno au mtaongea na yule wa Area D ashuke. Mkifanikiwa mna magari mawili ya viti vitano, na Jumapili watu sita wanaenea bila kupakata mtu, ila mume wako atalazimika kushika usukani wa IST. Bima mbili, huduma mbili, na hesabu ya mafuta kama hiyo hapo juu. Je, atakubali kuendesha? Au ndiyo mwanzo wa ugomvi mwingine?

Ya pili ni Noah sasa na Forester baadaye, mkopo ukiisha. Watu wengi watakushauri hivyo kwa sababu inasikika ya busara. Hatari yake naijua: "baadaye" ya mama ina kawaida ya kuliwa na kidato cha kwanza, halafu bati, halafu msiba. Kama mtaichagua, basi kiwe kiasi cha hela kinachowekwa kila mwezi mahali panapojulikana, na kiandikwe jina lake: gari la mama. Bila hivyo utakuwa umepewa ahadi ya kukunyamazisha, na utaijua, na kila ukibadilisha gia ya Noah utaikumbuka.

Fundi wangu pia alitaja Subaru Exiga, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2008. Ina viti saba, na ile ya GT ina turbo. Nilidhani nimekutatulia kila kitu, akaniambia ile GT ni otomatiki tu na safu ya tatu inawafaa watoto. Kwa hiyo unapata mwungurumo, unakosa klachi. Mahitaji ya matunzo ni yaleyale ya Subaru. Na mkifikiria kuagiza moja kwa moja Japani, msidanganyike na bei ya kwenye mtandao: kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likizidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kabla hujahesabu mengine. TRA wana kikokotoo chao. Pitieni hapo kwanza kabla moyo haujahamia kwenye picha.

Njia ya mwisho ni kutonunua chochote mwezi huu. Mtu wa sita aende kanisani kwa bajaji, tena ikiwezekana huyo mtu wa sita awe mume wako, si mtoto wala bibi. Safari za Dar mnaweza kupanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, kwa hiyo safari ndefu isiwe sababu ya kuchagua gari lolote. Kusubiri kuna gharama: ile Forester itapata mtu, na Noah itapata mtu. Noah nyingine zitakuja, ziko nyingi. Forester ya turbo yenye gia za mkono na iliyotunzwa haipatikani kirahisi, nalikubali. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kwako, na sitajifanya haipo.

Kuna swali moja nataka ujiulize ukiwa peke yako. Furaha unayoitafuta iko wapi hasa? Iko kwenye kuendesha, mfano kuvuta gia kwenye zile kona za Nyang'oro ukielekea Iringa? Iko kwenye kufungua na kufunga, mikono ikiwa na oili? Au iko kwenye kuonekana na kujiona kwamba bado wewe ni wewe? Kama ni kuendesha, niambie ni wapi kati ya Ilazo, shuleni na kliniki utaitumia hiyo turbo, maana kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki hazilali. Inawezekana jibu ni safari chache kwa mwaka, na safari chache zinaweza kutosha kabisa kumfurahisha mtu, mimi sizidharau. Kama ni spana, Noah yenye D4 itakupa kazi, usiwe na wasiwasi. Kama ni lile la tatu, la konda wa familia, hapo hakuna gari litakalolibeba peke yake. Uliinuka mezani kwa sababu watoto walicheka, na wangecheka hata kama mngekuwa mnabishana juu ya viatu.

Hilo la mezani lisichanganywe na la gari. Lizungumzwe lenyewe, tena kabla. Usimwambie "ulinidhalilisha ndiyo maana sisaini", maana hapo fomu inakuwa fimbo na yeye atajibu fimbo. Mwambie tu kwamba watoto wako, hasa kama kuna binti kati yao, walisikia kwamba mama akipenda mashine ni uhuni, na wewe uliyapata mapenzi hayo kwa babu yao, aliyekulisha kwa spana hizohizo. Halafu mwache akae nalo. Nadhani atakuja mwenyewe, lakini mume ni wako, si wangu.

Mkishapita hapo, kaeni na kalamu. Wewe uanze kwa kusema viti ni vitano, usingoje akuambie. Mwambie naipenda, siyo kwa ajili ya korongo, naipenda. Kisha mwulize yeye anaogopa nini, na akisema, usimjibu kwa sifa za gari. Andikeni gari linakwenda wapi kwa mwezi mmoja wa kawaida, nani yumo ndani, nani anaendesha. Nashuku watu sita kwa pamoja mtawakuta Jumapili na siku za kwenda kuona ndugu tu, lakini nyinyi ndio mnaojua. Ikitokea ni karibu kila siku, basi Forester peke yake inakuwa ngumu kuitetea hata kwa shangazi anayekupenda.

Dalali mwacheni na mwisho wake wa mwezi. Kama Noah ile ni nzuri kiasi hicho, angeshaiuza.

Na lolote mtakaloliendea, nendeni asubuhi, mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika, maana injini ya baridi haijui kuficha. Mwombe baba yako aje naye, hata kama atakucheka. Angalieni jina kwenye kadi linafanana na la anayepokea hela, na namba ya gari ikaguliwe kama ina faini za trafiki au madeni ya maegesho, kwa sababu ukishalipa yanakuwa ya kwako. Mume wako aendeshe pia, hiyo Forester, hata mpaka Ihumwa tu. Hujaniambia kama amewahi kuigusa.

*Shangazi*